Usiku Mmoja Zaidi Kambini

Ndugu msikilizaji, nawe unayeyafuata mazungumzo haya gazetini, wiki hii nataka tupande mlima. Usiogope, tutapanda polepole.

Swali lenyewe nimeulizwa na watu wengi kwa maneno tofauti, lakini kiini chake ni kimoja. Mtu akisimama Moshi mjini asubuhi, mawingu yakiwa yamefunguka, anauona Mlima Kilimanjaro wote, kuanzia migomba ya chini mpaka barafu ya Kibo. Anajiuliza: mlima ni huu hapa, mbona naambiwa nilale kwenye hema usiku sita ili niufikie na kurudi? Je, si ujanja wa watu wa utalii kunitoza ada za siku nyingi? Kijana mwenye nguvu, anayecheza mpira kila jioni, kwa nini asipande Ijumaa na Jumatatu akawa kazini?

Swali ni zuri na halistahili kubezwa. Jibu lake ni kwamba kwenye mlima ule kazi kubwa haifanywi na miguu. Inafanywa usiku, ukiwa umelala hemani. Anayepunguza usiku wa kambini anadhani amepunguza gharama, kumbe amepunguza kitu ambacho mapafu yake na ubongo wake vilikuwa vinakitegemea.

Tuanze na hewa. Sisi tunaoishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa tuko sakafuni kabisa mwa hewa, kama samaki waliolala chini ya bahari. Hewa yote iliyo juu yetu inatukandamiza, na mgandamizo huo ndio unaoisukuma oksijeni kuingia katika damu. Kadiri unavyopanda, hewa iliyobaki juu yako inapungua na mgandamizo unashuka. Watu husema kwamba kileleni oksijeni imepungua. Kwa hesabu ya asilimia haijapungua, ni 21 kwa mia pwani na 21 kwa mia kileleni. Kilichopungua ni wingi wa hewa katika kila pumzi. Pale Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, pumzi moja inakuletea karibu nusu tu ya oksijeni ambayo ungeipata ufukweni.

Mtu akichukuliwa ghafla kutoka pwani akawekwa kileleni, angeugua vibaya. Lakini akipewa muda mwili hujirekebisha. Kwanza anahema kwa haraka na kwa kina zaidi. Halafu figo zinaanza kuisawazisha damu, ili mwili uweze kuendelea kuhema hivyo usiku na mchana bila kujizuia. Kazi hiyo ya figo huchukua siku kadhaa. Kutengeneza chembe nyekundu za damu za kutosha huchukua wiki nyingi. Kwa hiyo usiku sita haumfanyi mtu kuwa mwenyeji wa kule juu. Unampatia ruhusa ya muda tu, aende, aone, arudi.

Ndiyo maana waliolala kambini hushangaa wanapoamka mara mbili tatu usiku kwenda haja ndogo, katika baridi inayouma masikio. Wanalalamika. Mimi huwaambia washukuru, maana mara nyingi ni dalili kwamba figo zinafanya kazi yake. Tena utamsikia mwenzako hemani anahema kwa nguvu, halafu kimya kabisa, kisha anavuta pumzi ndefu kama aliyeibuka majini. Mara ya kwanza niliposikia hivyo niliwasha tochi kumtazama jirani yangu. Alikuwa amelala fofofo. Mlimani hiyo ni hali ya kawaida. Mwili unajifunza mwendo mpya wa kupumua.

Sasa tuzitazame kambi zenyewe. Mlima Kilimanjaro ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1973, na mwaka 1987 ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Una njia kadhaa za kupandia: Marangu, Machame, Umbwe, Lemosho, Shira na Rongai. Ya Marangu ina vibanda vya kulala, navyo ni Mandara, Horombo na Kibo. Njia nyingine zote ni hema. Mimi ninaifahamu zaidi ya Machame, basi tuifuate hiyo.

Unaanzia getini, mita 1,800 hivi, unapita msituni kutwa nzima, na unalala kambi ya Machame, karibu mita 3,000. Siku ya pili unatoka msituni na kulala Shira, mita 3,800 na ushee. Siku ya tatu unapanda mpaka mwamba uitwao Lava Tower, kiasi cha mita 4,600, unakula chakula cha mchana hapo kichwa kikigonga kidogo, halafu unateremka kulala Barranco, mita 3,900 na ushee. Siku ya nne Karanga, karibu mita 4,000. Siku ya tano Barafu, mita 4,600 na ushee. Pale unalala nusu usiku tu, na karibu saa sita za usiku unaamshwa kwenda kileleni. Ukirudi, unateremka moja kwa moja mpaka kambi ya Mweka, unalala, na siku ya saba uko getini.

Ukizitazama namba hizo vizuri, utaona akili iliyomo. Siku ya tatu unapanda sana lakini unalala chini. Wazoefu husema panda juu, lala chini, yaani uonjeshe mwili hewa nyembamba mchana, halafu uurudishe kwenye nafuu usiku. Barranco na Karanga zinakaribiana kwa kimo. Usiku ule wa Karanga, ambao mtu mwenye haraka anauona wa bure, ni wa kupumzika kabla ya mkwezi wa mwisho.

Madaktari wa magonjwa ya milimani wana kanuni yao. Ukishapita mita 3,000, kila usiku usiongeze zaidi ya mita 500 hivi kwenye kimo cha kulala, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika usiku mmoja bila kupanda. Sasa pima. Kutoka kambi ya Machame kwenda Shira ni zaidi ya mita 800 kwa usiku mmoja. Maana yake ni kwamba hata ratiba ya siku saba, inayoitwa ndefu, inakwenda mbio kuliko madaktari wanavyopenda. Ratiba ya siku sita kwa njia hiyo hiyo inaifuta Karanga: unatoka Barranco moja kwa moja mpaka Barafu, unafika umechoka, na baada ya saa chache za kujinyoosha unaanza safari ya kileleni. Kwa Marangu ni vivyo hivyo. Ratiba ya siku tano inafuta usiku wa pili pale Horombo. Tofauti ni usiku mmoja tu, lakini mwili unauhesabu.

Ukipunjwa usiku, mwili hukuambia. Kwanza kichwa kinauma, chakula hakipandi, moyo unachafuka, unachoka kuliko wenzako. Huo ndio ugonjwa wa mwinuko wa kawaida, na wengi huupata kidogo kisha ukapita. Kanuni yake ni kutopanda zaidi mpaka dalili ziishe. Asiyesikia anaweza kuangukia moja ya mambo mawili yanayoua. La kwanza ni ubongo kuvimba: mtu anayumba kama mlevi, anachanganya maneno, anataka kulala tu. La pili ni mapafu kujaa maji: anakosa pumzi hata akiwa amekaa, anakohoa, na hatimaye hutoa mate yenye povu la rangi ya damu. Chupa ya oksijeni husaidia kununua muda. Dawa zipo pia, na ipo ya kuzuia iitwayo asetazolamaidi ambayo daktari anaweza kukuandikia kabla ya safari. Lakini tiba ya kweli ni kushuka, tena kushuka sasa hivi, si kusubiri kukuche.

Pale Shira nilimshuhudia kijana mmoja kutoka mjini, mwenye mwili wa mwanamichezo. Mchana kutwa alikuwa wa kwanza njiani, akiimba, akiwatania wapagazi. Jioni alisukuma sahani yake mbele akasema ni jua limempiga. Mwongozaji wao, mtu mzima mwenye maneno machache, alimbana kidoleni kile kifaa kidogo cha kupimia oksijeni, akatazama, kisha akamwambia atembee kwa mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole. Kijana akayumba. Akajaribu tena, akayumba tena. Akapandwa na hasira: "Mimi nimelipa!" Yule mzee akajibu taratibu: "Mdogo wangu, mlima haujui umelipa ngapi. Vaa koti, tunashuka." Akashushwa usiku ule ule na watu wawili. Siku chache baadaye tulisikia kwamba alipofika chini alikuwa anaomba chakula.

Nguvu zake zenyewe ndizo zilizomponza. Ugonjwa huu haumwogopi mwanamichezo. Anayekwenda mbio ndiye anayeupata upesi, na mwenye majivuno ndiye anayeuficha. Ndiyo maana kule mlimani neno "polepole" si la kumbembeleza mgeni. Ni amri ya kazi.

Kambini kwenyewe, mambo ya kujua si mengi. Ardhi hunyonya joto la mwili, kwa hiyo mkeka wa sponji ulio chini yako una thamani sawa na mfuko wa kulalia ulio juu yako. Nguo uliyotembea nayo imelowa jasho hata kama huoni. Ivue kabla ya kulala, vaa kavu. Jaza chupa maji ya moto uiweke miguuni, na asubuhi utayanywa. Pale Barafu chupa huwekwa kichwa chini, maana maji huanza kugandia juu na mdomo ukiziba hunywi kitu. Simu na betri za tochi zilale ndani ya mfuko pamoja nawe, baridi huzimaliza. Kula hata kama hutaki: supu, uji, chai ya tangawizi. Kinywaji kikali kibaki Moshi, na vidonge vya usingizi pia, kwa sababu vitu hivyo hupunguza kuhema, na kuhema ndiko unakokuhitaji.

Hata mimea ya kule imejifunza. Barranco kuna miti ya ajabu inayosimama kama nguzo zilizovikwa kabichi kichwani. Baridi ya usiku ikiingia, majani yake hujikunja kuufunika moyo wa mti usigande, na majani makavu hayaangushi, huyaacha yaning'inie shinani kama koti. Mti ule unajua kwamba kila usiku ni majira ya baridi, nao unajiandaa upya kila jioni.

Sasa tuje kwenye fedha, maana ndipo palipo na kisa. Ada za hifadhi huhesabiwa kwa siku. Ada za kambi huhesabiwa kwa usiku. Wapagazi hulipwa kwa siku na chakula huliwa kila siku. Basi anayetaka kukuuzia safari ya bei ya kutupa ana sehemu chache za kukata. Ada za serikali hawezi kuzikata ila kwa kupunguza siku. Kwa hiyo anakata usiku, au anakata chakula, au anamkata mpagazi. Wewe uliyeko mjini unafurahia bei, hujui kisu kimepita wapi.

Huyu mpagazi tumtazame vizuri. Mteja mmoja wa hema mara nyingi huwa na wapagazi watatu au wanne nyuma yake, wakibeba hema, mtungi wa gesi, vyombo, vyakula na maji. Barafu hakuna maji. Maji yote ya pale hutoka bonde la Karanga, na yanafika juu kwa bega la mtu. Mzigo wa mpagazi umewekewa kikomo cha kilo 20, mbali na vitu vyake mwenyewe, na hupimwa kwa mizani. Anapita umesimama kuvuta pumzi, anakuamkia, anafika kabla yako, na unapowasili hema lako limesimama. Wenyewe hujiita wagumu. Lakini ugumu haubadilishi hewa. Wengine hudhani mtu wa Kilimanjaro amezaliwa na dawa ya mlima. Si kweli. Vijiji vya Machame na Marangu viko mbali chini ya kambi ya kwanza, na wapagazi wengi hutoka Moshi mjini, Arusha na mikoa mingine. Kimo hakiulizi kabila. Wapo wapagazi waliofia mlimani kwa baridi na kwa ugonjwa huu huu, wakiwa na koti jepesi na viatu vilivyotoboka.

Kwa hiyo ukiuziwa safari rahisi, uliza mpagazi analala wapi. Kuna safari ambazo wapagazi husubiri wageni wamalize kula, ndipo hema la chakula ligeuke chumba chao, juu ya ardhi tupu, tena wakiwa wamekula mara moja kutwa. Mtu wa namna hiyo ndiye anayetegemewa akubebe ukianguka usiku. Je, atakubeba kwa nguvu zipi?

Neno dogo kuhusu adabu ya kambi. Kuni haziruhusiwi, na sababu tumeiona kwa macho. Oktoba 2020 moto uliteketeza eneo kubwa la mimea ya mlima ule kwa siku nyingi, na Oktoba 2022 ukazuka mwingine karibu na kambi ya Karanga. Mimea ya kule hukua taratibu mno; kilichoungua kwa saa moja hakirudi mwaka kesho. Taka ulizopanda nazo zishuke nawe. Kambi si yako, kesho usiku atalala mwingine papo hapo.

Siku hizi kuna jambo jingine linalowaongezea watu haraka, nalo ni picha. Tangu Agosti 2022 intaneti ya kasi imefika Horombo, mita 3,720. Ni jambo jema, hasa kwa kuita msaada. Lakini mtandao haupunguzi kimo, na mtu anayewaza picha ya kileleni ni mgumu kusema kichwa kinaniuma. Kila mwaka, tarehe 9 Desemba inapokaribia, vikundi vya Watanzania hupanda kukumbuka usiku ule wa 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipoufikisha Mwenge na bendera kileleni. Nafurahi kuona wenzetu wakipanda mlima wao wenyewe, usiachwe kuwa wa wageni. Ila tusiende kwa siku za kuazima.

Kabla hujalipa, basi, uliza maswali matano. Nitalala usiku mangapi juu ya mita 3,000, na je, upo usiku wa Karanga au wa pili wa Horombo? Nani atanipima asubuhi na jioni, na kwa kifaa gani? Nikiugua saa nane za usiku, nani ana amri ya kunishusha, na kuna watu wa kutosha? Wapagazi wanalala wapi, na wanakula mara ngapi? Mwisho, ikiwa bei yako ni ndogo kuliko ya wenzako, umekata nini? Mwenye kazi safi atakujibu bila kukasirika. Anayekasirika, mshukuru uondoke.

Na kama hujawahi kulala juu kabisa, usianze na Kilimanjaro. Upo Mlima Meru, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, zaidi ya mita 4,500, wenye vibanda viwili vya kulala, Miriakamba na Saddle. Utajijua hapo: kichwa chako kinasemaje, usingizi wako ukoje. Ukitoka hapo siku chache tu ukaenda Kilimanjaro, mwili haujasahau somo.

Zipo safari ambazo mtu hupunguza siku akapata hasara ya fedha tu, au ya starehe. Hii ya mlimani si mojawapo. Ukikosa fedha za usiku wa sita, weka akiba, nenda mwakani. Haraka haraka haina baraka, na kule juu, haina pumzi.

Tukijaliwa, tuonane tena wiki ijayo. Kwaherini.